Wasichana 22 wa Howard: dhana potofu na ukweli kuhusu kuanzishwa na kukua kwa Delta Sigma Theta

Wasomaji wengi wa Kiswahili walilisikia neno sororiti, yaani chama cha udada cha wanawake wa vyuo vya Marekani, kwa mara ya kwanza mwaka 2024, Kamala Harris alipogombea urais wa Marekani na kumbi zikajaa wanawake waliovaa waridi na kijani. Kabla ya hapo lilikuwa neno la filamu tu: nyumba kubwa karibu na chuo, muziki, vinywaji, na msichana mgeni anayeamriwa kufanya jambo la aibu ili akubaliwe na wenzake. Katikati ya picha hizo mbili yamejengeka maelezo mengi yasiyolingana na kumbukumbu zilizopo. Makala haya yanachukua chama kimoja, Delta Sigma Theta, kilichoanzishwa na wanafunzi 22 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington tarehe 13 Januari 1913. Nimekichagua kwa sababu habari za kuzaliwa kwake zimepotoshwa sana, na baadhi ya wanaozipotosha ni wapenzi wake wenyewe.

Jambo moja liwekwe sawa kabla ya mengine. Harris si Delta. Alijiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa mwanafunzi wa Howard mwaka 1986, na waridi na kijani ni rangi za chama hicho. Delta huvaa nyekundu iliyoiva pamoja na rangi ya malai. Anayevichanganya vyama hivi viwili mbele ya wanachama husahihishwa papo hapo, na chanzo cha ukali huo kitaonekana hapa chini.

"Sororiti ni nyumba ya wasichana wa chuo na karamu zao"

Picha hii haikutungwa kutoka hewani. Sororiti nyingi za wanawake weupe katika vyuo vikuu vikubwa vya majimbo zina nyumba zao, na maisha ya uanachama huzunguka nyumba hiyo kwa miaka mitatu au minne. Howard ya mwaka 1913 ilikuwa mahali pengine kabisa. Chuo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1867 muda mfupi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoukomesha utumwa, kiliwaweka wanafunzi wa kike katika bweni la Miner chini ya uangalizi wa karibu, na msichana hakutoka kwenda mjini kama apendavyo. Hapakuwa na nyumba ya chama, wala fedha za kuinunua. Palikuwa na chumba cha kukutania, daftari la kumbukumbu za mkutano, na michango midogo.

Neno lenyewe limetokana na Kilatini, *soror*, yaani dada. Mwanzoni hata vyama vya wanawake viliitwa kwa neno la vyama vya wanaume, lenye maana ya udugu wa kiume, mpaka profesa mmoja wa Kilatini katika Chuo cha Syracuse alipopendekeza mwaka 1882 kwamba wanafunzi wa kike wa chama cha Gamma Phi Beta wajipatie neno linalowafaa. Kwa hiyo hata maana ya asili ni udada, na nyumba ilikuja baadaye.

Tofauti kubwa zaidi iko katika muda. Katika vyama vya Wamarekani weusi, uanachama hauishi siku ya mahafali. Kuna matawi ya wanafunzi na kuna matawi ya wahitimu, na mwanamke mwenye shahada anaweza kuingia kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Dorothy Height alijiunga na Delta mwaka 1939, akiwa tayari mfanyakazi wa ustawi wa jamii; akawa rais wa taifa wa chama hicho kuanzia 1947 hadi 1956, kisha akaliongoza Baraza la Taifa la Wanawake Weusi kwa miaka 40. Mwanachama wa aina hii akisikia mtu anamuuliza kama "alikuwa" Delta alipokuwa chuoni, atajibu kwamba bado ni Delta.

"Herufi za Kigiriki ni dalili ya ibada ya siri"

Herufi hizo zina historia isiyo na uchawi wowote. Mwaka 1776 wanafunzi wa chuo cha William and Mary katika Virginia walianzisha jumuiya ya wasomi iliyoitwa Phi Beta Kappa, kutokana na herufi za kwanza za maneno matatu ya kaulimbiu yao. Wakati huo mtu hakuhesabiwa kuwa msomi asipojua Kigiriki na Kilatini, na vijana wakaonyesha usomi wao kwa namna hiyo. Vyama vilivyofuata viliiga mtindo. Wanafunzi weusi walipouchukua mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa wanadai pia nafasi yao katika elimu hiyo, katika nchi ambayo watu wengi walishikilia kwamba mtu mweusi anafaa kufundishwa kazi za mikono tu.

Ni kweli kwamba taratibu za kuwaapisha wanachama hazitolewi hadharani, na ni kweli kwamba Delta hutumia sanamu ya Minerva, mungu wa hekima wa Warumi wa kale, kama nembo. Katika miaka ya karibuni baadhi ya wanachama wamejitoa hadharani kwa sababu za imani, wakirekodi video na kueleza kwamba kiapo chao kinagongana na Ukristo wao. Dhamiri ya mtu ni yake. Hata hivyo kusema kwamba chama kilianzishwa kama dini ya kipagani ni kuandika historia upya: chama chenyewe hujieleza kuwa kilijengwa juu ya misingi ya Kikristo, na maneno ya kiapo chake yaliandikwa mwaka 1914 na Mary Church Terrell, mwanaharakati aliyehitimu Oberlin mwaka 1884 na kuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza Marekani kupata shahada.

Alama nyingine nazo zina visa vyake. Wengi hudhani tembo wa Delta aliwekwa ili kuikumbuka Afrika. Asili yake ni ya kawaida zaidi: mmoja wa waanzilishi, Florence Letcher Toms, alipenda kukusanya sanamu ndogo za tembo, na wenzake wakaichukua hobi yake. Hadi leo tembo hao huchongwa wakiwa wameinua mkonga. Kinyume chake, ua la chama, ambalo watu hulipita bila kuuliza, ndilo lenye asili ya Afrika Mashariki. Ni dughulushi, ua dogo la zambarau linalomea kivulini kwenye miamba yenye unyevu ya misitu ya Usambara. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelifikisha Ulaya, na mwaka 1893 wataalamu wa mimea wakalipa jina la kisayansi linalotokana na lake. Ua linaloheshimiwa na Delta mpaka Texas, basi, nyumbani kwake ni Tanga.

"Delta ilizaliwa na ugomvi wa wasichana"

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, kwa kuwa ugomvi husimuliwa kwa raha kuliko marekebisho ya katiba. Ina chembe ya ukweli. Waanzilishi wote 22 walikuwa wanachama wa Alpha Kappa Alpha, chama kilichoanzishwa hapo hapo Howard tarehe 15 Januari 1908 kwa wazo la Ethel Hedgeman na wenzake, na ambacho ndicho sororiti ya kwanza ya herufi za Kigiriki kuanzishwa na wanawake weusi Marekani. Lakini hapakuwa na kikundi kilichonuna, kikatoka nje na kubamiza mlango. Mwaka 1912 wanafunzi hao ndio waliokuwa chama pale chuoni: walikuwa darasani, walilipa michango, walikuwa na haki ya kura, na mwenyekiti wao, Myra Davis, alikuwa amechaguliwa kihalali kukiongoza Alpha Kappa Alpha.

Walichokipigia kura ni kubadilisha jina, rangi na alama, na kukipanua chama kiwe cha kitaifa chenye kazi nje ya uzio wa chuo. Hoja zao hazikuwa za kitoto. Chama kilikuwa bado hakijasajiliwa kwa namna ambayo ingekipa uwezo wa kufungua matawi katika vyuo vingine. Tena jina lake lilionekana kama mwangwi wa Alpha Phi Alpha, chama cha wanaume kilichoanzishwa Cornell mwaka 1906 na kufika Howard mwaka 1907, na wasichana hao walitaka jina lenye maana yake lenyewe, lisilowafanya waonekane kama dada wadogo wa wavulana fulani.

Upande wa pili alisimama Nellie Quander. Alikuwa amewahi kukiongoza chama, akahitimu mwaka 1912, na habari za kura hiyo zikamkuta akiwa nje ya chuo. Hakukubali. Kwake, kundi la wanafunzi linalokaa madarakani kwa mwaka mmoja au miwili halikuwa na haki ya kufuta kilichoachwa na waliotangulia. Aliwapa wenzake muda wa kufikiri upya, hawakurudi nyuma. Ndipo akawakusanya wahitimu, na tarehe 29 Januari 1913 Alpha Kappa Alpha ikasajiliwa kisheria, ili asije tena mtu akakaa kikao kimoja na kulifuta jina hilo.

Hapa kuna utaratibu wa tarehe unaowashangaza wengi: Delta ilitangazwa siku 16 kabla chama ilichotokea hakijapata usajili wake. Ndiyo maana mabishano ya nani alikuwa wa kwanza hayaishi. Kila upande huhesabu kwa kipimo chake, mmoja kwa siku ya kuanzishwa, mwingine kwa siku ya sheria, na wa tatu kwa siku ya kwanza ya kazi nje ya chuo.

Aliyewahi kukaa katika kamati ya kwaya, ya chama cha wanafunzi au ya chama cha kuzikana analijua swali hili bila kufundishwa: chama ni cha waliomo leo, au ni cha waliokianzisha? Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki, na kwamba hasara ingekuwa kubwa kama mmoja angemshinda mwenzake kabisa. Bila Quander, Alpha Kappa Alpha ingebaki tanbihi katika historia ya chama kingine. Bila kura ya wale 22, huenda usajili uliokilinda chama cha zamani ungechelewa kwa miaka.

Kuna pia toleo la kisasa la dhana hii linalodai kwamba Alpha Kappa Alpha walitaka kunywa chai na Delta walitaka siasa. Quander mwenyewe analivunja. Februari 1913 alimwandikia Alice Paul, mwandaaji wa maandamano makubwa ya kudai kura ya wanawake, akimweleza kwamba wanawake wa Howard walitaka kushiriki, mradi tu wasibaguliwe kwa rangi yao. Barua hiyo haikuandikwa na mtu wa chai.

"Delta walikuwa wanawake weusi pekee katika maandamano ya 1913, na walisukumwa mwisho wa msafara"

Dhana hii ina sehemu mbili, na zote mbili hurudiwa hata katika sherehe rasmi.

Kwanza yaliyo hakika. Tarehe 3 Machi 1913, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa kuwa rais, maelfu ya wanawake waliandamana katika barabara ya Pennsylvania mjini Washington. Chama kilikuwa na umri wa wiki saba kamili, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza mbele ya umma. Mji ulikuwa umefurika wanaume waliokuja kwa sherehe za kuapishwa. Waliingia barabarani, wakawatemea mate waandamanaji, wakawasukuma na kuwatukana, huku polisi wengi wakitazama tu. Watu wapatao 100 walipelekwa hospitali, na Seneti ikafanya uchunguzi. Msichana wa miaka 20 aliyetoka bweni la Miner siku hiyo alikuwa akiingia katika umati wa namna hiyo akiwa mwanamke na akiwa mweusi.

Sasa kuhusu neno "pekee". Jarida la Wamarekani weusi la *The Crisis*, lililohaririwa na mwanazuoni W. E. B. Du Bois, lilichapisha mwezi uliofuata orodha ya wanawake weusi walioonekana katika msafara. Walikuwa zaidi ya 40. Miongoni mwao alikuwamo mchongaji sanamu, walikuwamo madaktari wawili, mwalimu, mwanamuziki, muuguzi, wanawake sita katika kundi la wahitimu akiwamo Mary Church Terrell, mwanamke aliyebeba bendera ya Michigan na mwingine aliyebeba ya New York. Howard inatajwa kwa kundi la wasichana 25 waliovaa joho na kofia za kitaaluma. Idadi hiyo hailingani na 22, kwa hiyo mchoro unaoonyesha waanzilishi wote na wao peke yao wakiwa chini ya bendera yao ni mchoro wa heshima, haufai kuwa ushahidi.

Kuhusu kuwekwa mwisho, kisa chenyewe kina mikunjo. Waandaaji waliogopa kuwaudhi wanawake weupe wa Kusini, na palitolewa maelekezo ya kuwatenga weusi. Ida B. Wells, mwandishi na mwanaharakati mweusi aliyekuja na ujumbe wa Illinois, aliambiwa asitembee na wenzake wa jimbo lake. Alijichanganya na watazamaji pembeni, ujumbe wa Illinois ulipofika akaingia katikati yao na kuendelea nao. *The Crisis* liliandika kwamba baada ya simu za maandishi na malalamiko kumiminika, wanawake weusi hatimaye walitembea kulingana na majimbo na kazi zao bila kuzuiwa. Kumbukumbu nyingine husema kundi la Howard lilitembea nyuma. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba agizo la kuwatenga lilikuwapo na kwamba lilivunjwa mahali pengi. Anayesimulia nusu ya kwanza tu huwanyima wanawake hao ushindi wao mdogo.

Ushindi mkubwa ulichelewa zaidi. Katiba iliwapa wanawake kura mwaka 1920, lakini katika majimbo ya Kusini mitihani ya kusoma, kodi za kura na vitisho viliwaweka wanawake weusi nje ya vituo hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965. Binti aliyeandamana akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 72 wakati huo.

"Waanzilishi walikuwa mabinti wa matajiri"

Kufika chuo kikuu mwaka 1913 kulikuwa bahati ya wachache, na kati ya wale 22 walikuwamo waliotoka katika familia zenye uwezo. Lakini Bertha Pitts alilelewa Colorado na bibi yake, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amezaliwa utumwani. Jessie McGuire alirudi kwao Galveston, Texas, akawa mwalimu. Mwaka 1943, akijulikana kwa jina la ndoa la Dent, aliishtaki wilaya ya shule iliyomwajiri akidai walimu weusi walipwe sawa na weupe, na akashinda. Eliza Shippen aliendelea kusoma hadi akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Osceola Macarthy aliingia katika maigizo, na baadaye akiwa New York aliwaongoza jukwaani Sidney Poitier na Harry Belafonte kabla dunia haijawajua. Sioni hapa kundi la mabinti waliokuwa wakisubiri posa sebuleni.

"Mateso kwa wanachama wapya ni mila iliyoachwa na waanzilishi"

Waliosoma shule za bweni wanajua jinsi uonevu wa wageni unavyojipatia jina la mila baada ya miaka michache tu. Wale 22 hawakupitia mateso ya namna hiyo kuingia Delta. Walijiingiza wenyewe kwa kura. Kipindi kirefu cha majaribio kwa wanaotaka kujiunga kilikua baadaye, vyama vilipoanza kushindana na kuigana. Mwaka 1990 marais wa vyama vilivyo katika baraza la pamoja la vyama vya Wamarekani weusi walikubaliana kukifuta, na badala yake ukaja utaratibu wa maombi, mahojiano na mafunzo mafupi. Hapa lazima isemwe bila kuficha: kufutwa kwenye karatasi hakukumaliza jambo. Kuna matawi yaliyoendelea kisirisiri, watu wameumizwa, na vyama mbalimbali vimefikishwa mahakamani na kufungiwa matawi. Anayesema tatizo halipo anakosea sawasawa na anayesema ni urithi wa mwaka 1913.

Lingine la haraka ni kwamba wengi hudhani mwanamke asiye mweusi haruhusiwi kujiunga. Wanachama wengi ni Wamarekani weusi, na chama hakifichi kwamba kilianzishwa kwa ajili yao, lakini rangi si sharti la kuingia, na wamo wanawake wa asili nyingine.

"Chama kilisambaa haraka kutoka chuo hadi chuo"

Mtu anayeona takwimu za leo, wanachama zaidi ya 300,000 walioingizwa tangu mwanzo na matawi zaidi ya 1,000, hudhani mti huu ulichipuka usiku mmoja. Tawi la pili lilifunguliwa Wilberforce, Ohio, mwaka 1914. Kisha ikawa kimya hadi 1918, lilipoanzishwa tawi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na 1919 likafuata la Iowa. Mkutano mkuu wa kwanza wa kitaifa ulifanyika Howard mwaka huo wa 1919, na aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza wa taifa ni Sadie Tanner Mossell wa tawi la Pennsylvania. Miaka miwili baadaye alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya uzamivu ya uchumi. Alipotambua kwamba hakuna anayetaka kumwajiri mchumi mwanamke mweusi kwa kiwango chake, alirudi kusoma sheria.

Historia hiyo ya Sadie inaeleza ukuaji wa chama kuliko orodha ya vyuo. Milango mingi ya kazi ilikuwa imefungwa, na uliobaki wazi kwa mwanamke mweusi mwenye shahada ulikuwa wa shule. Wahitimu wakatawanyika wakiwa walimu katika miji ya Texas, Georgia, North Carolina. Mmoja alipanga chumba katika mji asiomjua mtu, akasikia kwamba katika shule ya pili yuko mwingine aliyesoma Ohio, na wa tatu akafika Septemba iliyofuata. Hao watatu walitosha kuanza kuzungumzia tawi la wahitimu. Walijulikana mjini, walikuwa na mshahara mdogo lakini wa uhakika, nao walijua kuandika barua kwa bodi ya shule. Matawi ya vyuoni yaliingiza vijana, lakini aliyebeba chama kutoka mwaka mmoja hadi mwingine ni mwalimu wa mji mdogo.

Kazi zao zilifuata mahitaji waliyoyaona kwa macho. Mwaka 1920 walianzisha wiki ya elimu ya kila Mei ili kuwahimiza wasichana kuendelea na masomo. Mwaka 1925 tawi la Boston lilibuni onyesho la nyimbo, dansi na vichekesho liitwalo Jabberwock, lenye kukusanya fedha za masomo, na matawi mengine yakaliiga. Chama kikapata usajili wa kitaifa mwaka 1930, mwaka ule ule ambao baraza la pamoja la vyama vya weusi liliundwa Howard. Mwaka 1937 kikaamua kushughulikia vitabu, kwa sababu maktaba za umma za Kusini hazikumruhusu mtoto mweusi kuingia. Mradi ulipoanza vijijini, walinunua vikapu vyenye kufuli na ufunguo, kila kimoja kikibeba vitabu 30 hadi 35, vikawa vinazunguka kwa ratiba kutoka kituo kimoja hadi kingine; baadaye vikafuatiwa na gari la maktaba. Mimi kati ya mambo yote ya chama hiki ndicho ninachokikumbuka zaidi, kikapu cha vitabu kilichofungwa kwa kufuli, kikisubiri usafiri kando ya barabara ya vumbi.

Nje ya Marekani ukuaji ulikwenda kwa njia mbili. Matawi yalifunguliwa mahali walipokuwapo wanachama wa kutosha, kuanzia Haiti mwaka 1950, na baadaye katika nchi kama Ujerumani na Japani ambako Wamarekani wengi hufanya kazi. Njia ya pili ilikuwa misaada isiyohitaji tawi. Thika, nchini Kenya, chama kilichangia huduma ya hospitali ya wazazi, na kinamama wengi waliojifungulia pale huenda hawakuwahi kulisikia jina Delta.

Mwaka 1981 wanachama walikutana Washington na kuamua kuipita tena barabara ya Pennsylvania, njia ya mwaka 1913. Walikuwa wapatao 10,000. Aliyetangulia mbele yao ni Bertha Pitts Campbell, yule msichana wa Colorado aliyelelewa na bibi, ambaye baada ya Howard alihamia Seattle na kutumia maisha yake kupigania usawa wa makazi na kazi. Alikuwa na umri wa miaka 92.